Namba ya Mnato Haisimami Peke Yake: Mwongozo wa Vizio kwa Anayepima, Anayenunua na Anayechanganya

Soma karatasi ya maelezo ya mafuta ya injini ya 15W-40 na utaona mnato umeelezwa kwa namba zisizofanana hata kidogo: 105 mm²/s, kisha 14 mm²/s, kisha 3.8 mPa·s, kisha 6,500 cP. Juu ya dumu lenyewe pameandikwa 15W-40 tu, bila kizio chochote. Mafuta ni yaleyale na namba zote zinaweza kuwa sahihi. Kinachotofautiana ni swali: mnato upi, kwa kizio kipi, kwenye joto gani, na kimiminika kikiendeshwa kwa kasi gani.

Mwongozo huu ni wa fundi wa gereji, mtengenezaji wa sabuni ya maji, mchanganyaji wa rangi, mwanafunzi wa uhandisi na ofisa ununuzi. Kwa ufupi, kila anayepokea au kutoa namba ya mnato kazini. Shika jambo moja tangu mwanzo: namba ya mnato hukamilika kwa vitu vinne, yaani thamani, kizio, halijoto na namna ya kupima. Kikikosekana kimoja, mwenzako hawezi kuitumia.

Kwanza, jua kinachopimwa

Chukua vibao viwili bapa, kila kimoja na eneo la mita moja ya mraba. Vitenganishe kwa nafasi ya milimita moja, ujaze nafasi hiyo maji. Cha chini kimefungwa. Ili cha juu kiteleze kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, huna budi kukisukuma mfululizo, maana maji yanakwenda kwa matabaka yanayokokotana: tabaka la juu linafuata kibao, la chini limetulia, na ya katikati yanavutana. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, nguvu inayohitajika ni takriban nyutoni 1, sawa na uzito wa kitu cha gramu 100. Ukiondoa maji ukaweka gliserini safi, utahitaji nyutoni 1,400 hivi.

Mnato wa dainamiki ni kipimo cha ukinzani huo, na hesabu yake ni hii:

mnato = (nguvu ÷ eneo) ÷ (mwendo ÷ nafasi)

Sehemu ya kwanza, nguvu kwa eneo, hupimwa kwa paskali. Sehemu ya pili ni mita kwa sekunde ikigawanywa kwa mita; mita zinafutana na kubaki "kwa kila sekunde". Paskali ikigawanywa kwa "kila sekunde" inakuwa paskali *mara* sekunde. Ielewe hatua hii ndogo, kwa sababu ndiyo inayokukinga na kosa la kuandika Pa/s. Kizio sahihi ni Pa·s, cha kuzidisha.

Paskali-sekunde: kizio cha msingi

Katika mfumo wa kimataifa wa vizio, mnato wa dainamiki hupimwa kwa paskali-sekunde, Pa·s. Vitabu vingine huandika N·s/m² na vingine kg/(m·s). Ni kitu kilekile, na hakuna hesabu ya kufanya kati yao.

Kwa kazi za kila siku Pa·s ni kubwa mno, kwani maji ni 0.001 tu. Kwa hiyo tunatumia milipaskali-sekunde, mPa·s, ambayo ni sehemu moja ya elfu. Kwa gesi tunashuka zaidi hadi mikropaskali-sekunde, µPa·s, sehemu moja ya milioni.

Angalia herufi zako. "m" ndogo ni mili, sehemu ya elfu. "M" kubwa ni mega, milioni. Anayeandika MPa·s akimaanisha mPa·s ameikuza thamani mara bilioni moja. Programu za kuandikia hupenda kugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, hasa ndani ya jedwali, kwa hiyo kagua kila seli kabla ya kuchapisha.

Poizi na sentipoizi: kizio cha zamani kisichong'oka

Kabla ya mfumo wa sasa, wanasayansi wengi walitumia mfumo wa sentimita, gramu na sekunde. Kizio cha mnato katika mfumo huo ni poizi, alama yake P, kwa heshima ya Jean Léonard Marie Poiseuille (1797–1869), daktari Mfaransa ambaye hamu yake ya kuelewa mwendo wa damu mwilini ilimfanya achunguze jinsi maji yanavyopita kwenye mirija myembamba sana.

Poizi moja ni gramu moja kwa sentimita kwa sekunde. Badili gramu kuwa kilo (gawanya kwa 1,000) na sentimita iliyo chini kuwa mita (zidisha kwa 100), utapata:

1 P = 0.1 Pa·s

Sentipoizi, cP, ni sehemu ya mia ya poizi. Kwa hiyo:

1 cP = 0.001 Pa·s = 1 mPa·s

Usawa huu wa mwisho ndio wa kukariri kuliko mwingine wowote humu. Si makadirio, ni sawasawa kabisa. Viskomita, yaani kifaa cha kupimia mnato, ikikuonyesha cP 450, andika mPa·s 450 bila kugusa namba. Karatasi nyingi za rangi, gundi, vipodozi na vyakula bado zinachapishwa kwa cP, na hakuna haja ya kuhangaika nazo.

Hatari iko kwenye poizi nzima. Wahandisi wa barabara hukutana nayo kwenye hati za lami, ambako mnato hupimwa kwenye nyuzi 60. Lami ya poizi 2,400 ina Pa·s 240. Ukisoma P kana kwamba ni cP, utapata 2.4 tu, na pampu utakayoichagua haitaweza kuisogeza.

Zoeza jicho kujua ukubwa

Mpimaji mzuri hushtuka anapoona namba isiyoingia akilini. Ili ushtuke, lazima uwe na namba chache kichwani. Hizi zote ni kwa mPa·s:

- Hewa, nyuzi 20: 0.018
- Maji, nyuzi 20: 1.002
- Damu ya binadamu, nyuzi 37: kati ya 3 na 4
- Mafuta ya zeituni, nyuzi 20: 80 hivi
- Mafuta ya mbarika, nyuzi 20: takriban 1,000
- Gliserini safi, nyuzi 20: takriban 1,410
- Asali, nyuzi 20: 2,000 hadi 10,000, hata zaidi, kutegemea maji yaliyomo

Ukipima sabuni ya maji inayomiminika taratibu ukapata 2, kuna kasoro kwenye kifaa au kwenye kizio. Huenda skrini imewekwa isome Pa·s.

Juu ya orodha hiyo, tumia Pa·s nzima. Lava ni mfano wetu wa karibu. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa siku hizi lava ya natrokarbonatiti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu. Mnato wake umekadiriwa kuwa Pa·s chache, na inapokuwa nyepesi kabisa hushuka chini ya Pa·s moja. Yaani inaweza kutiririka kama mafuta. Lava ya Nyiragongo, karibu na Goma, ni ya aina nyingine na ina moto mara mbili ya hiyo. Imekadiriwa kuwa na makumi ya Pa·s, kiasi kidogo kwa lava ya kawaida. Ndiyo sababu mlipuko wa Januari 1977 ulishuka mteremko kwa kasi ambayo watu hawakuweza kuikimbia.

Mwisho kabisa wa kipimo kuna gundi nyeusi ya lami iliyowekwa kwenye faneli katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 1927. Tone la tisa lilidondoka mwaka 2014. Mnato wake ulikadiriwa kuwa Pa·s milioni 230. Kutoka hewa hadi lami hiyo, Pa·s ni ileile.

Ukiona milimita za mraba, simama

mm²/s na sentistoki, cSt, si vizio vya mnato wa dainamiki. Ni vya mnato wa kinematiki, na hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa kuliko vyote.

Tofauti inatokana na namna ya kupima. Mafuta yakiachwa yashuke yenyewe kwenye mrija wa kioo, kinachoyasukuma ni uzito wake. Mafuta mazito kwa kilo husukumwa zaidi, kwa hiyo muda wa kushuka unategemea mnato na densiti kwa pamoja. Matokeo yake ni mnato wa dainamiki uliogawanywa kwa densiti. Kizio kilipewa jina la George Gabriel Stokes (1819–1903), mwanahisabati mzaliwa wa Ireland. Stoki moja ni sentimita moja ya mraba kwa sekunde, na sentistoki moja ni sawasawa na mm²/s moja.

Kubadilisha ni rahisi ukichagua vizio vinavyopatana:

mPa·s = mm²/s × densiti (kwa kilo kwa lita)

Turudi kwenye mafuta yetu ya 15W-40. Tuseme karatasi inasema mm²/s 14 kwenye nyuzi 100, na densiti 0.88 kwenye nyuzi 15. Usizidishe 14 kwa 0.88. Mafuta hupanuka yakipata joto, na densiti ya mafuta ya injini hupungua kwa takriban 0.00065 kwa kila nyuzi moja. Kutoka 15 hadi 100 ni nyuzi 85, kwa hiyo densiti inashuka hadi 0.825 hivi. Mnato wa dainamiki ni 14 × 0.825, yaani mPa·s 11.6 kwenye nyuzi 100.

Maji ndiyo yanayowapoteza wengi. Kwa kuwa lita moja ya maji ina karibu kilo moja, mm²/s na mPa·s zake zinakaribia kulingana. Mwanafunzi aliyejifunza kwa maji huona vizio viwili kama kimoja. Akifika kwenye mafuta anakosea kwa asilimia 12 hadi 20, na kwenye rangi yenye densiti ya 1.3 anakosea kwa asilimia 30.

Namba za lebo na sekunde za kikombe

Namba kwenye dumu si vizio, ni madaraja. Mfumo wa SAE J300 unaoongoza mafuta ya injini umechanganya vipimo vyote viwili, na ndiyo maana karatasi yake inatatiza:

- "15W" ni daraja la baridi. Mnato wa kuwashia injini usizidi mPa·s 7,000 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Huu ni wa dainamiki.
- "40" ni daraja la joto. Mnato usipungue mm²/s 12.5 na uwe chini ya 16.3 kwenye nyuzi 100. Huu ni wa kinematiki.
- Kwa 15W-40 kuna sharti la tatu: mnato usipungue mPa·s 3.7 kwenye nyuzi 150, mafuta yakiendeshwa kwa kasi kubwa kama ndani ya beringi za injini. Huu tena ni wa dainamiki.

Sasa namba nne za mwanzo zimefunguka. 6,500 ni baridi kali, 105 ni kwenye nyuzi 40, 14 ni kwenye nyuzi 100, na 3.8 ni kwenye nyuzi 150 mafuta yakiendeshwa kwa kasi kubwa.

Mafuta ya haidroli na mitambo ya viwandani hufuata madaraja ya ISO VG. VG 46 maana yake mm²/s 46 kwenye nyuzi 40, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 10, yaani kati ya 41.4 na 50.6. Kumbuka: VG 46 na SAE 40 hupimwa kwenye joto tofauti, kwa hiyo usizilinganishe kwa kuangalia namba.

Wapaka rangi hutumia kikombe chenye tundu chini, wakihesabu sekunde hadi mkondo ukatike. "Sekunde 30" haina maana mpaka utaje kikombe, maana Ford namba 4, DIN na Zahn vina matundu tofauti. Kwa Ford namba 4, kwenye nyuzi 25 na muda wa sekunde 20 hadi 100, hesabu ni:

mm²/s = 3.85 × (sekunde − 4.49)

Sekunde 30 zinatoa mm²/s 98. Kama rangi ina densiti ya 1.2, mnato wa dainamiki ni mPa·s 118 hivi. Vivyo hivyo, sekunde za Saybolt za Marekani, sekunde za Redwood za Uingereza na digrii za Engler za Ujerumani, ambazo bado zimo kwenye vitabu vya mitambo ya zamani, zote hurudi kwanza kwenye mm²/s, ndipo ziende mPa·s. Kwa kila moja tumia jedwali lake.

Halijoto ni sehemu ya kipimo

Maji ya nyuzi 10 yana mPa·s 1.31. Ya nyuzi 30 yana 0.80. Hiyo ni tofauti kati ya asubuhi ya baridi Mbeya na mchana wa Mombasa, na hatujagusa kitu kizito bado. Gliserini safi hutoka mPa·s 1,410 kwenye nyuzi 20 hadi takriban 610 kwenye nyuzi 30: nyuzi kumi zimeondoa zaidi ya nusu. Gesi huenda kinyume. Hewa hupanda kutoka µPa·s 18 kwenye nyuzi 20 hadi karibu 22 kwenye nyuzi 100.

Miradi mikubwa huamuliwa na ukweli huu. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert nchini Uganda yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida. Kwa sababu hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kuwa na kinga ya joto na nyaya za kupashia, ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi.

Kwako wewe mwenye benchi dogo, sheria ni hizi. Tumbukiza chombo cha sampuli kwenye beseni la maji lenye joto linalodhibitiwa. Subiri mpaka kipimajoto *ndani ya sampuli*, si ndani ya beseni, kitulie. Andika joto hilo kando ya namba papo hapo. "Joto la chumba" si halijoto.

Kasi nayo huandikwa

Maji, gliserini na mafuta mepesi hutoa mnato uleule ukikoroga taratibu au upesi. Rangi, sosi ya nyanya, mtindi, uji na sabuni nyingi za maji haziko hivyo. Ukizidisha kasi, mnato unashuka; ukiziacha zitulie, unapanda tena. Kwa bidhaa hizi hakuna mnato mmoja. Kuna mnato wa kasi fulani.

Viskomita ya kuzunguka huja na vipande kadhaa vya chuma vyenye namba, pamoja na kasi za kuchagua. Chagua kipande na kasi zitakazofanya kifaa kisome katikati ya uwezo wake, kisha tumia hivyo hivyo kila siku kwa bidhaa hiyo. Mtengenezaji wa sabuni anayeongeza chumvi ili kuinua mnato anahitaji nidhamu hii zaidi ya wote, kwa kuwa mnato hupanda hadi kilele na chumvi ikizidi huporomoka. Akibadilisha kasi ya kifaa katikati ya majaribio, hatajua kama kilichoshusha namba ni chumvi au ni kifaa.

Hatua za kubadilisha kizio chochote

1. Tambua aina. Kikiwa na nguvu au shinikizo mara sekunde, au tungamo kwa urefu kwa muda, ni dainamiki. Kikiwa na eneo kwa muda, ni kinematiki. Sekunde tupu ni za kikombe.
2. Kama ni kinematiki, tafuta densiti ya joto lilelile. Ikikosekana, usibadilishe.
3. Peleka kila kitu kwenye mPa·s: cP mara 1, P mara 100, Pa·s mara 1,000, kg/(m·h) mara 0.2778. Kwa vitabu vya Marekani: lb/(ft·s) mara 1,488, lb/(ft·h) mara 0.4134, lbf·s/ft² mara 47,880. Kizio kiitwacho reyn, chenye jina la Osborne Reynolds na kinachotumiwa na wahandisi wa beringi, ni Pa·s 6,895 hivi.
4. Linganisha jibu na orodha ya namba za kichwani. Likikataa kuingia akilini, rudi hatua ya kwanza.
5. Usiongeze tarakimu. Kifaa kilichosoma 450 hakikukupa 450.00.

Andika hivi

Kipimo kilichokamilika kinasomeka namna hii: "Sabuni ya maji, bechi ya asubuhi: mPa·s 2,300 kwenye nyuzi 25.0, viskomita ya kuzunguka, kipande namba 3, mizunguko 30 kwa dakika, baada ya dakika moja." Mtu wa Kisumu anaweza kurudia kipimo hicho na kukilinganisha kwa haki na cha bidhaa yake. Kama umeandika "mnato 2,300" tu, hata wewe mwenyewe mwezi ujao hutaweza.

Msambazaji akikuletea namba pungufu, usikisie. Muulize kizio, joto, kifaa na kasi kabla ya kusaini. Na katika maabara au karakana yako, chapisha fomu yenye nafasi nne zilizo wazi, na usipokee karatasi iliyoacha hata moja tupu. Mashine huharibika, rangi hurudishwa na wateja hupotea kwa sababu ya namba iliyopimwa vizuri ikaandikwa nusu. Na kuiandika nzima kunachukua muda mfupi kuliko kupima upya.